Pesto bila korosho: mbegu ipi, na imepita wapi?

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka tisa na hospitali walithibitisha kuwa ana mzio wa korosho. Sasa ameng'ang'ania nimpikie tambi za pesto kama wanazokula wenzake. Nimeambiwa nikiweka mbegu yoyote badala ya korosho hakutakuwa na shida. Je, ni kweli? – Mama msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Mama, ushauri uliopewa una ukweli ndani yake, ila neno “yoyote” ndilo la hatari. Pesto ya mbegu inapikika, ni tamu, na huenda ikamfaa binti yako bila tatizo. Lakini kitu hakiwi salama kwa sababu tu kinaitwa mbegu. Pesto yenyewe ni ushahidi. Ile ya asili ya Genoa, Italia, haina korosho. Hutwangwa kwa majani ya mrehani, kitunguu saumu, jibini ngumu, mafuta ya zeituni, chumvi na punje za msonobari, ambazo nazo ni mbegu, na wapo watu wanaodhurika nazo vibaya. Korosho huingizwa zaidi kwenye pesto ya chupa, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya msonobari. Hivyo chupa yenye jina la Genoa mbele inaweza kuwa na korosho nyuma, na usiinunue bila kusoma orodha ya viambato hadi mwisho.

Tuanze na kinachomdhuru mwenye mzio. Korosho, karanga, lozi, ufuta na mbegu za maboga zote zinafanya kazi moja: zinabeba chakula cha mche utakaoota. Chakula hicho kina protini za akiba, na ndizo ambazo kinga ya mwili ya mwenye mzio huzishambulia kwa kingamwili aina ya IgE. Kwa hiyo mpaka tunaouweka jikoni kati ya korosho na mbegu, mwili hauutambui. Mwili unatambua umbo la protini tu. Karanga ni ya jamii ya kunde na maharage, lakini ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio mkali zaidi. Korosho na pistachio ni za ukoo mmoja wa mimea, na protini zao zinafanana kiasi kwamba anayedhurika na moja huambiwa aepuke zote mbili. (Embe nalo ni la ukoo huohuo, ila wengi wenye mzio wa korosho hula tunda lake bila madhara.) Swali la kujiuliza, basi, ni kama mwili wa binti yako unaikubali protini ya mbegu uliyoshika mkononi.

Mbegu ambayo nisingekushauri uanze nayo ni ufuta, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi nasi, kuanzia kashata hadi mkate wa ufuta wa Zanzibar. Watoto wenye mzio wa karanga au korosho huwa na uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na mzio wa ufuta pia. Umoja wa Ulaya umeuweka ufuta kwenye orodha yake ya vyakula 14 ambavyo ni lazima vitajwe bayana, na Marekani iliufanya mzio mkuu wa tisa kuanzia Januari 2023. Mwaka 2016, msichana wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake bila lebo kusema hivyo. Kifo chake kilizaa sheria inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2021. Mbegu za maboga na alizeti hazimo katika orodha hizo mbili. Mzio wake upo, ila ni nadra zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kuzipendekeza, pamoja na kwamba zinapatikana hapa nchini kwa bei inayobebeka, jambo ambalo punje za msonobari haziwezi kujivunia.

Wapo watakaosema kwamba ukizikaanga vizuri mbegu, mzio unakufa. Hoja hii inatokana na jambo la kweli, kwamba moto huua vijidudu. Lakini protini haina uhai wa kuuawa, na protini za akiba za jamii hii huvumilia joto na hata tindikali ya tumbo. Kwa karanga, utafiti umeonyesha kuwa kuikaanga bila mafuta kunaweza kuzidisha nguvu ya kuamsha mzio. Kaanga mbegu za maboga kwa ajili ya ladha, usizikaange kwa kudhani unamlinda mtoto.

Wengine watasema haya ni magonjwa ya Wazungu, tangu lini Mwafrika akadhurika na karanga. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini uliwapima watoto wadogo kwa kuwalisha chakula chenyewe chini ya uangalizi, si kwa kuuliza wazazi tu. Cape Town, asilimia 2.5 ya watoto walithibitika kuwa na mzio wa chakula, na vijijini Eastern Cape asilimia 0.5. Mayai yaliongoza, karanga ikafuata. Tofauti hiyo ya mji na kijiji inafaa kutushtua sisi ambao miji yetu inakua kila mwaka. Hata hivyo isitufanye tuwanyime watoto wote karanga: utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wachanga walio kwenye hatari kubwa walipolishwa karanga mapema, mzio wake ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kuepuka ni kwa aliyethibitika.

Mahali ambapo wengi hukosea, kwa maoni yangu, si kwenye kuchagua mbegu. Ni kwenye njia iliyopitia. Mbegu za maboga zilizokwisha kukaangwa huuzwa bega kwa bega na korosho na karanga, mara nyingi kwa kijiko kimoja na kikaango kimoja. Mashine ya kusaga unga wa lishe husaga karanga asubuhi na kitu kingine mchana. Kinu cha mbao kilichotwangiwa korosho kwa miaka hunyonya mafuta yake, na kusuuza hakutoshi. Nunua mbegu mbichi zenye maganda, umenye mwenyewe, kisha utumie kinu cha jiwe au blenda iliyooshwa kwa sabuni, sehemu ya visu ikifunguliwa. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni: uchunguzi wa mabaki ya karanga kwenye viganja ulionyesha kuwa maji matupu na dawa ya kutakasa mikono huacha mabaki, sabuni huyaondoa.

Upishi wenyewe hauna mengi. Chukua vikombe viwili vya majani ya mrehani, robo kikombe ya mbegu za maboga zilizokaangwa kidogo, punje moja ya kitunguu saumu, nusu kikombe ya mafuta ya zeituni, jibini ngumu iliyokwaruzwa, na chumvi. Mrehani wa kwetu aghalabu una harufu kali, hivyo unaweza kuuchanganya na giligilani. Anayedhurika na maziwa aache jibini na kuongeza limau. Na anayeona kazi ya mbegu ni kubwa ajue kwamba watu wa Provence, Ufaransa, wana mchuzi wao uitwao pistou, wa mrehani, kitunguu saumu na mafuta tu. Pesto usiiache mezani: kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, mahali pa joto, kinaweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulinamu. Iweke kwenye friji, iliwe ndani ya siku tatu au nne, au uigandishe.

Kabla ya hayo yote, muulize daktari aliyempima kama mbegu za maboga zimo kati ya anazoweza kula. Akikubali, mwonjeshe kiasi kidogo mchana, akiwa mzima, ukiwa naye. Vipele, midomo kuvimba, kutapika ghafla, sauti kukauka, kupumua kwa shida au kulegea ni dalili za kuchukua hatua papo hapo. Ikiwa upumuaji umeguswa au mtoto amelegea, tiba ni adrenalini ya kuchoma pajani. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Apelekwe hospitali hata akionekana amepata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.