Alama ya Sigma katika Hesabu za Mafumbo

Wanachuo wengi huijua kanuni ya kujumlisha namba zinazopanda au kushuka kwa tofauti moja, na huitumia bila taabu pale namba zenyewe zinapokuwa zimekwisha andikwa ubaoni. Taabu huanza zinapofichwa ndani ya maneno. Hapo ndipo inapofaa alama ya sigma, Σ, ambayo Leonhard Euler aliitumia mwaka 1755 kuonyesha jumla. Alama hiyo humlazimu mwandishi kutaja mambo matatu kabla ya kuhesabu lolote: anaanzia wapi, anaishia wapi, na kila namba inapatikanaje.

Tutazame fumbo hili. Mwashi amepanga matofali kwa safu. Safu ya chini ina matofali 30, kila safu inayofuata imepungua matofali 2, na safu ya juu kabisa ina matofali 8. Je, matofali yote ni mangapi?

Yatupasa kwanza kuhesabu safu. Kutoka 30 hadi 8 tumeshuka 22, yaani hatua 11 za mbili mbili. Lakini hatua si safu. Kabla ya kupiga hatua ya kwanza tayari tunayo safu moja. Basi safu ni 12. Anayeandika 11 hupata jumla ya 220, na matofali aliyoyaacha ni yale 8 ya juu kabisa.

Sasa herufi k ihesabu safu. Safu ya k ina matofali 32 − 2k. Wengi huandika 30 − 2k kwa kuwa fumbo limetaja 30. Weka k = 1 uone: unapata 28. Jumla itakuwa 204, maana kila safu imeibiwa matofali 2. Anayeipenda 30 − 2k na aanzie k = 0, aishie 11; jawabu litakuwa sahihi.

Tunaandika Σ(32 − 2k), chini ya alama k = 1, juu yake 12. Mara 12 ya 32 ni 384. Jumla ya 1 hadi 12 ni 78, na mara 2 yake ni 156. Hivyo 384 − 156 = 228.

Je, sigma ipelekwe shule ya msingi? Hatudhani hivyo. Mtoto ataoanisha 30 na 8, 28 na 10, hadi apate jozi 6 za 38. Sigma ni ya mwalimu, katika daftari lake la matayarisho, kwa sababu mwalimu hutunga mafumbo mwenyewe. Akibadili 8 kuwa 7 ili fumbo lionekane jipya, ametoa swali lisilo na jawabu. Akitafuta namba ya kuandika juu ya sigma atapata safu 12 na nusu, naye atalirekebisha fumbo lake usiku mezani, kabla ya kukutana na watoto arobaini walioinamia madaftari.