Tukio Lililosimamishwa Katikati: Kusoma Jalada la Kale la Kibonzo cha Shujaa

Yeyote aliyesomea fasihi ya Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya anaikumbuka miongozo ya vitabu teule. Aghalabu, kabla ya kufikia maudhui na wahusika, mwongozo huwa na sehemu fupi kuhusu jalada. Humo tunaelezwa kwamba rangi nyekundu huashiria damu, nyeusi huashiria huzuni na kijani huashiria matumaini. Kisha sehemu hiyo hufungwa na mambo yanayodhaniwa kuwa mazito zaidi huanza. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwasilisha uchanganuzi wa namna hiyo katika semina ya uzamili. Aliulizwa swali moja tu: "Je, mpiga chapa angeishiwa na wino mwekundu, riwaya ingepoteza maana?" Ukumbi ulicheka. Swali halikupata jibu siku ile, na ndilo lililozaa makala haya.

Ili kulijibu, ninapendekeza tutoke kidogo katika rafu zetu na kutazama mahali ambapo jalada lilibebeshwa kazi nzito kuliko kwingine: vibonzo vya mashujaa vya Marekani, yaani vile vitabu vyembamba vya hadithi kwa michoro vilivyoanza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1930. Vitabu hivi viliuzwa katika vibanda vya magazeti kwa senti kumi, na wanunuzi wengi walikuwa watoto. Jalada lilikuwa na nafasi ya mtupo mmoja wa jicho. Likishindwa, kitabu kilirudi kwa mchapishaji. Licha ya hayo, kati ya maelfu ya majalada yaliyochorwa kwa haraka namna hiyo, machache yamedumu katika kumbukumbu za watu hadi leo na huitwa klasiki. Kwa nini hayo na si mengine?

Ieleweke kwanza kwamba ukale peke yake si hoja. Majalada mengi ya umri uo huo yamesahaulika, na ni haki yake. Bei nayo ni shahidi asiyeaminika. Nakala moja ya toleo la kwanza la Action Comics iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6 mwaka 2024, lakini bei hiyo inatokana pia na uchache wa nakala zilizosalia na ukweli kwamba ndimo Superman alimotokea kwa mara ya kwanza. Mnunuzi analipia adimu. Mhakiki anatafuta jambo jingine.

Tulitazame basi jalada hilo lenyewe. Lina tarehe ya Juni 1938, na mchoraji wake ni Joe Shuster, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akishirikiana na rafikiye Jerry Siegel, mwandishi wa hadithi. Katikati yupo mtu aliyevaa mavazi ya buluu yanayombana mwili na joho jekundu mgongoni. Amelinyanyua gari la kijani juu ya kichwa chake na kulibamiza kwenye mwamba, vipande vinaruka. Watu wanatimua mbio. Mmoja wao, aliye karibu zaidi na mtazamaji, ameshika kichwa kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na anaelekea kutoka nje ya ukurasa kana kwamba atamgonga msomaji.

Hapana neno lolote la ufafanuzi. Kuna jina la gazeti, tarehe, nambari na bei, basi. Mtoto wa mwaka 1938 hakumjua Superman, kwa kuwa hakukuwa na mtu yeyote wa kumjua. Hebu tujitie katika nafasi yake. Mtu huyu anayevunja gari ni mwema au ni mwovu? Wanaokimbia ni wahalifu au ni raia waliovamiwa? Tukiisoma picha kwa uaminifu, bila kutumia maarifa ya baadaye, dalili nyingi zinaelekea upande wa uovu: mali inaharibiwa, watu wana hofu, na sura ya yule wa mbele inatutaka tumhurumie. Jibu limo ndani, ambamo tunapata kwamba gari lile ni la watekaji waliomchukua mwandishi wa habari Lois Lane. Jalada linatega, kurasa za ndani zinategua. Sisi tuliolelewa kwa vitendawili hatuhitaji kufundishwa utaratibu huo. Anayetega kitendawili hampi msikilizaji ishara moja moja za kutafsiri. Humpa hali nzima iliyokosa jina, naye hubaki nayo hadi atoe mji.

Mhakiki Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing, katika kitabu chake Laokoon cha mwaka 1766, alitoa hoja inayotusaidia hapa. Alisema kwamba ushairi husonga katika wakati ilhali mchoro umefungwa katika nukta moja ya wakati. Kwa hivyo mchoraji hana budi kuchagua nukta yenye mimba, ile inayomwezesha mtazamaji kuona yaliyotangulia na kubashiri yatakayofuata. Shuster hakumchora Superman akikimbiza gari, wala hakumchora akiwa amesimama kando ya mabaki yake, mikono kiunoni. Alilisimamisha tukio katikati. Gari halijatulia, wanaokimbia hawajaokoka. Katika istilahi zetu tungesema kwamba jalada zima ni taharuki isiyo na sentensi.

Hapa ndipo rangi zinapotakiwa kurejea, na kwa unyenyekevu. Vibonzo vya wakati huo vilichapwa kwa wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ndani, karatasi ilikuwa duni ya magazeti, nayo ilihitaji rangi nzito zisizochuja. Nyekundu na buluu za mashujaa hawa zilifaa mtambo wa chapa kabla ya kufaa nadharia yoyote ya ishara. Sisemi kwamba rangi hazina maana. Nasema kwamba maana yake hutokana na mahali zilipowekwa. Joho jekundu linaonekana kwa sababu gari ni la kijani, na jicho la mtazamaji linavutwa kwenye mgongano huo kabla ya kwenda popote. Yule aliyeniuliza kuhusu wino alikuwa amegusa ukweli kuliko nilivyotaka kukubali.

Jalada la pili linapanua hoja kwa njia ambayo sikuitarajia. Toleo la kwanza la Captain America Comics lina tarehe ya Machi 1941, ingawa lilitolewa sokoni Desemba 1940. Joe Simon na Jack Kirby, wote Wayahudi, walimchora shujaa aliyevaa bendera ya Marekani akimtandika Adolf Hitler ngumi ya taya. Askari wa Kinazi wanamfyatulia risasi, na moja inadunda kwenye ngao yake. Marekani haikuwa vitani wakati huo. Iliingia Desemba 1941, mwaka mmoja hivi baadaye, na wananchi wengi walitaka isiingie kabisa. Simon alisimulia kwamba walipokea barua za matusi na vitisho, hata meya wa New York, Fiorello La Guardia, akawapigia simu kuwaahidi ulinzi.

Zingatia tofauti. Ngumi hii imekwisha kutua, kwa hivyo mtu angedhani kwamba nukta yenye mimba imepita. Tena ndani ya toleo hilo hakuna kisa kinachosimulia tukio hilo la jaladani. Kitendawili kimetegwa na kitabu hakikitegui! Swali linahama kutoka kwa mhusika na kumwangukia msomaji: huyu amefika huko, nchi yako iko wapi? Kwa maoni yangu, hili ndilo jalada lenye ujasiri mkubwa zaidi katika tanzu hii, japo kwa ufundi wa mpangilio wa picha limesongamana kuliko lile la Shuster.

Kuhusu maneno jaladani, nitagusia tu. Amazing Fantasy nambari 15 ya Agosti 1962, iliyomleta Spider-Man, ina viputo vya usemi ambamo shujaa anajitaja kwa jina lake la siri na kutueleza kuwa ni kijana anayedharauliwa. Picha, iliyochorwa na Kirby na kutiwa wino na Steve Ditko baada ya jalada la awali la Ditko kukataliwa, inaonyesha nguvu. Maneno yanaonyesha unyonge. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, aliita kazi ya maneno kando ya picha kuwa ni kutia nanga. Mwenye kujua kanga atamwelewa mara moja: korosho iliyo katikati ya kanga haimsemi jirani mpaka jina lisomwe. Hata hivyo, viputo vya Spider-Man havitii nanga tu. Vinavuta upande wa pili.

Dalili ya mwisho ya uklasiki ni kuigwa. Mkao wa gari lililonyanyuliwa umerudiwa na wachoraji wengi, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, na filamu ya Superman Returns ya mwaka 2006 iliuweka katika mojawapo ya matukio yake. Huu ni mwingilianomatini ule ule tunaoufuatilia katika visa vya Fumo Liyongo vinapohama kutoka utendi hadi tamthilia. Kinachohama si rangi. Kuna nakala za jalada la Shuster zilizochorwa kwa rangi nyingine kabisa, na mtazamaji huzitambua papo hapo kwa sababu tukio bado limesimama pale pale.

Wa kushangaza zaidi ni mchapishaji mwenyewe. Siegel na Shuster walikuwa wamemuuzia haki za Superman kwa dola 130. Baada ya toleo lile la kwanza alimwondoa Superman jaladani: kuanzia toleo la pili hadi la sita hayumo. Alirudishwa katika toleo la saba, la Desemba 1938, baada ya kubainika kwamba watoto walikuwa wakifika vibandani na kuuliza gazeti lenye Superman.