Kamusi Kwanza, Waya Baadaye

Fedha za kuunganisha mifumo ya afya zikiingia halmashauri, maneno ya kwanza kikaoni huwa ni seva, intaneti na mtaalamu wa kuandika programu. Yote yatahitajika. Lakini mifumo miwili inaweza kuunganishwa barabara na bado ikapotoshana, kwa sababu kila mmoja unakiita kitu kilekile kwa jina lake na kukipima kwa kipimo chake. Ushauri wangu kwa timu yoyote ya mkoa wa Tabora inayoanza kazi hii: kabla ya kumlipa mtu wa programu, andikeni kamusi ya data. Hiyo ndiyo metadata yenyewe, maelezo ya kila taarifa: inaitwaje, maana yake nini, inapimwa kwa kipimo gani, nani anaijaza, na wapi.

Msianze na hospitali nzima. Chukueni njia ya mgonjwa mmoja muifuate mpaka mwisho. Mama mjamzito wa Kaliua anaandikishwa zahanati kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), anapimwa damu kwenye kituo cha afya kinachotumia GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali, anapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Kitete, na hali ikiwa ngumu zaidi anafikishwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwisho wa mwezi anaingia kwenye jumla za DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Orodhesheni kila kisanduku anachojaziwa njiani, kila kimoja mstari wake kwenye jedwali. Excel inatosha, hakuna haja ya kununua programu ya kutunzia kamusi ambayo bado haijaandikwa. Kikaoni awepo mtunza kumbukumbu, muuguzi wa kliniki, mtaalamu wa maabara na mfamasia. Afisa TEHAMA aandike, asiamue.

Mstari utakaowachosha kuliko yote ni wa mgonjwa ni nani. Wengi watasema tutumie namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa, na ni nzuri pale ilipo. Mtoto mchanga huenda hana. Mama wa miaka 17 huenda hana. Basi mruhusuni mgonjwa awe na namba kadhaa, ya faili, ya bima, ya kliniki ya VVU (CTC), ya NIDA, mradi kila namba iandikwe pamoja na mamlaka iliyoitoa. FHIR, kiwango cha shirika la HL7 cha kubadilishana taarifa za wagonjwa, kimejengwa hivyohivyo: namba na mtoaji wake husafiri pamoja. Faili namba 00457 la Nzega na 00457 la Sikonge ni watu wawili, na kompyuta haiwezi kulijua hilo isipoambiwa.

Tena, msifiche mahali ndani ya namba. Mwaka 2012 Kaliua ilimegwa kutoka Urambo ikawa wilaya. Fikirieni namba ya mgonjwa iliyobeba msimbo wa Urambo wakati zahanati yake sasa iko Kaliua: mkiibadilisha mnapoteza historia yake, mkiiacha inadanganya. Namba ya mgonjwa iwe namba tu. Wilaya ikae kwenye kisanduku chake, na kituo kitambulishwe kwa namba yake katika sajili ya taifa ya vituo vya kutolea huduma za afya, si kwa jina lililochapwa na karani. Zahanati zenye majina yanayofanana hazikosekani nchi hii.

Majina ya watu nayo yana kesi zake. Mtemi wa Urambo vitabuni ni Mirambo. Sekondari mjini Tabora ni Milambo. Karani mwenye sikio la Kinyamwezi ataandika L, mwenzake aliyehamia kutoka pwani ataandika R, na mgonjwa mmoja atakuwa na mafaili mawili. Tengeni visanduku vitatu vya majina, andikeni jina kama mwenyewe anavyolisema, na kwenye kamusi elezeni kwamba utafutaji uzihesabu L na R, au Hadija na Khadija, kuwa jirani. Uamuzi wa kuunganisha mafaili mawili ufanywe na mtu, si mashine.

Tarehe ya kuzaliwa: mkiona wazee wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Januari, jueni fomu iliwalazimisha. FHIR inaruhusu mwaka peke yake. Ruhusuni hivyo, kisha wekeni kisanduku cha kusema kama tarehe ni ya uhakika au ya kukadiria. Tena tunzeni tarehe, si kundi la umri. Kutoka kwenye tarehe mtapata makundi yote ya MTUHA, ila kutoka kwenye kundi la umri tarehe hairudi.

Halafu kuna saa. Muuguzi akiandika kwamba sindano imetolewa saa 2, anamaanisha asubuhi. Kompyuta ikipokea 2:00 inaelewa saa 8 usiku, na dozi inayofuata inaweza kukosewa kwa saa sita. Amueni saa 24 na tarehe inayoanza na mwaka: 2025-03-04T08:00+03:00. Ile 4/3 ya kwetu ni Machi, na kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni Aprili. Hiyo +03:00 mwishoni msiione ya kupuuza. Burundi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika saa ziko nyuma kwa moja, na wagonjwa wa ukanda huu huvuka mipaka.

Vipimo vya maabara ndipo mtu anapoweza kuumia. Hemoglobini ya 11 kwa gramu kwa desilita ni 110 kwa gramu kwa lita, damu ileile. Sukari ya 1 kwa milimoli kwa lita ni karibu 18 kwa miligramu kwa desilita. Namba isisafiri bila kipimo chake. Hata wafanyabiashara wa zamani wa njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji walipima pembe za ndovu kwa frasila na nguo kwa doti, lakini ushanga uliopendwa kwa mtemi mmoja uliweza kukataliwa kwa mwingine, na mzigo uliobebwa kwa jasho ukashindwa kununua hata chakula.

Ili msibebe ushanga utakaokataliwa mbele, misimbo msiitunge wenyewe. Magonjwa yana ICD, vipimo vya maabara vina LOINC: hemoglobini kwenye damu, uzito kwa ujazo, ni 718-7. Jina lenu la kila siku libaki kwenye safu ya pembeni. Kazi yenu hasa ni kuandika kanuni ya kuchagua. Katika ICD-10, B50 ni malaria ya falciparum na B54 ni malaria isiyobainishwa. Kituo kimoja kikichagua hii na kingine ile kwa wagonjwa wa aina moja, takwimu za mkoa zitaonyesha tofauti isiyokuwepo.

Kisanduku kitupu nacho kiwe na maana. Hakupimwa, amekataa, vitendanishi vimeisha, jibu halijarudi: ni mambo manne, na hakuna hata moja ambalo ni sifuri wala hasi.

Ongezeni safu tatu za mwisho: mwenye dhamana ya mstari, tarehe ulipoanza kutumika, na nani anaruhusiwa kuuona. Msimbo uliopitwa na wakati hufungwa kwa tarehe, haufutwi. Safu ya ruhusa inasaidia kutimiza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Dirisha la malipo halina sababu ya kuona majibu ya VVU.

Jaribuni na wagonjwa kumi wa kubuni, wenye mitego yote hii. Watumeni kutoka zahanati hadi Kitete na kurudi, chapeni pande zote mbili, muuguzi alinganishe kwa kalamu. Kisha toeni jumla za mwezi kwenye mfumo mzilinganishe na hesabu ya mkono kutoka kitabuni. Tofauti ikitokea, rudini kwanza kwenye mstari wa kamusi kabla ya kugusa programu, na jaribio lirudiwe kila fomu za MTUHA zinapobadilishwa.