Nataka jina la baba aliyenilea

Shangazi, nina miaka 27, naishi Malindi. Baba aliyenizaa alimwacha mama nikiwa bado natambaa, na tangu hapo hatujamwona yeye wala shilingi yake. Aliyenilea na kunisomesha hadi chuo ni baba wa kambo. Nataka nitoe jina la yule wa kwanza kwenye kitambulisho, niweke la huyu. Mama anasema nitaleta fitina. Watoto wa mke mkubwa wanasema nanyemelea urithi. Mjomba anasema ni haramu. Mwezi ujao natarajia kwenda Muscat kikazi, na wakili ameniambia jambo lenyewe ni rahisi. Nifanyeje?

Msichana wa Malindi

Mwanangu, wakili hajakudanganya. Katika sheria za Kenya mtu mzima haombi ruhusa ya baba, mama wala mjomba ili abadili jina. Wakili ataandika hati, ile wanayoiita deed poll, nawe utatia saini kwamba umeliacha kabisa jina la zamani na unataka watu wote wakuite kwa jipya. Hati itasajiliwa, kisha tangazo litatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Tangazo lenyewe halielezi sababu. Linataja jina lililoachwa na lililochukuliwa, basi.

Asichokuambia wakili ni mbio zinazofuata. Kitambulisho, pasipoti, PIN ya KRA, NSSF, benki, laini ya simu: kila ofisi na foleni yake. Cheti cha KCSE ndicho kigumu zaidi. Mkenya mmoja, Audrey Mbugua, alilazimika kulishtaki Baraza la Mitihani, KNEC, na ni Mahakama Kuu iliyoamuru mwaka 2014 cheti chake kibadilishwe. Wengi hawafiki huko. Hutembea na nakala ya hati wameiambatisha kwenye cheti cha zamani, wakijieleza upya kila wanapoomba kazi.

Kwa hiyo suala la Muscat nalikata hapa hapa. Viza, tiketi na mkataba vinafuata jina lililo kwenye pasipoti. Usiguse chochote kabla ya safari. Herufi moja tu isipolingana inatosha kumrudisha mtu nyumbani kutoka uwanja wa ndege.

Sasa tuje kwa watoto wa mke mkubwa, maana hao wanahangaika bure. Jina halikupi fungu. Mirathi ya Kiislamu hufuata damu na ndoa, na mtoto wa kambo hamo katika warithi hata akibadilisha kitambulisho mara kumi. Mzee aliyekulea akitaka kukuachia kitu ana njia mbili: akupe akiwa hai, au akuusie kisichozidi theluthi ya mali yake. Kwa upande wa pili, yule aliyewatoroka bado ni baba yako kwa kadhi. Akifa na mali, unarithi, umelivaa jina lake au umelitupa. Waambie hivyo ndugu zako, tena mbele ya mzee, huenda nusu ya fitina ikaishia hapo.

Mjomba je? Hapo simbishii. Suratul Ahzab, aya ya 5, inaagiza watu waitwe kwa baba zao. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume, watu wakamwita Zaid bin Muhammad, naye akarudishiwa jina la baba yake bila mapenzi kupungua. Kumwita mzee "baba" kwa heshima hakuna anayekukataza. Kinachokataliwa ni kujinasibisha naye, yaani kujiandika kwamba amekuzaa. Nenda kwa sheikh unayemwamini, umweleze jina lipi hasa unataka kutoa na lipi kuweka. Ukimuuliza kijuujuu atakujibu kijuujuu.

Binafsi nakuelewa. Inakera kila unapojaza fomu kuandika jina la mtu ambaye hajawahi kukununulia hata daftari. Lakini tazama unachotaka hasa. Kama ni kumwadhibu yule aliyeondoka, hatajua. Sidhani kama anasoma Gazeti la Serikali. Kama ni kumshukuru aliyebaki, yapo mengi asiyoweza kuyapinga sheikh wala ndugu. Ukijaaliwa mtoto wa kiume, mpe jina la mzee, kama tufanyavyo Pwani miaka yote. Mshahara wa kwanza wa Muscat nao utajua pa kuuelekeza.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu mmoja, sikumwona. Mama amesema, mjomba amesema, watoto wa mke mkubwa wamesema, hata wakili amesema. Mzee mwenyewe hajasema neno, na nahisi hajaulizwa. Huenda akafurahi. Huenda pia akaona unamtia katika ugomvi na wanawe uzeeni, au naye akawa na msimamo wa mjomba wako.

Safiri kwa jina ulilo nalo. Kabla hujaondoka, kaa na mzee faragha umweleze ulichokusudia. Akikataa, liache. Akiridhia, na sheikh asipoona kizuizi, wakili bado atakuwepo ukirudi. Usimlipe hata senti kabla ya hapo.