Somo la soko: Intaneti ya bure kwa wenye kipato kidogo, nani alipe?

Wiki hii tunaziacha kando bei za mahindi, maharage na alizeti, tuchambue suala linalowagusa wafanyabiashara wa Sumbawanga, Namanyere, Laela na Matai kuliko wengi wanavyodhani. Je, ni haki fedha ya mlipa kodi itumike kumpatia intaneti ya bure mtu asiyemudu kununua bando?

Kwanza tuelewane juu ya neno "bure". Katika hesabu za biashara bure maana yake amelipa mwingine. Oktoba 2014 kampuni ya Tigo, ikishirikiana na Facebook, iliwaruhusu wateja wake nchini kufungua kurasa kadhaa bila kukatwa salio. Jirani zetu wa ng'ambo ya Kasesya, Zambia, walikwishaanza Julai mwaka huo kupitia Airtel. Aliyelipa hapo ni kampuni, nayo ilikuwa na sababu zake: mteja akionja leo, kesho atanunua. India iliipiga marufuku biashara ya namna hiyo Februari 2016, kwa hoja kwamba mwenye mtandao asipate nafasi ya kumchagulia mteja kurasa za bei nafuu. Swali letu ni tofauti, kwa kuwa anayetakiwa kulipa ni Hazina.

Tuanze na hesabu ambayo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu umesimama kwenye asilimia 17 au jirani na hapo, na juu yake inakuja VAT ya asilimia 18. Chukua huduma ya shilingi 1,000 kabla ya kodi. Ushuru unaifikisha 1,170. VAT hutozwa juu ya jumla hiyo, kwa hiyo mteja analipa takriban 1,380. Yule mama muuza dagaa wa Kirando, akinunua bando lake, zaidi ya robo ya fedha anayotoa inakwenda serikalini. Sasa anapotokea mtu akasema serikali imsaidie mama huyo kwa intaneti ya bure, mhasibu yeyote atauliza kwa nini tusianze kwa kupunguza kile kinachochukuliwa mfukoni mwake. Tukumbuke kuwa mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, na kelele za wananchi zikasababisha ifutwe.

Hata hivyo kupunguza kodi hakumsaidii mtu wa mahali ambapo mawimbi hayafiki. Hapa jiografia ya Ufipa ndiyo inayosema. Mnara uliosimama juu ya uwanda haulioni bonde la Ziwa Rukwa, kule Mtowisa na Muze, wala vijiji vilivyojibanza chini ya milima kando ya Ziwa Tanganyika kama Wampembe. Kampuni inayotafuta faida ikipiga hesabu ya mafuta ya jenereta, ulinzi na barabara, inaona ni heri iongeze mnara mwingine mjini. Si ukatili, ni hesabu.

Kwa ajili hiyo iliwekwa sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaochangiwa na makampuni kutokana na mapato yao. Mei 2023 UCSAF ilitia saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126. Gawanya: ni wastani wa shilingi milioni 166 kwa mnara. Gharama zinazobaki, pamoja na uendeshaji, ni za kampuni.

Linganisha na kugawa bando. Tuchukue mfano wa kubuni, kata yenye watu 10,000, nusu yao wahesabiwe kuwa maskini na kila mmoja apewe bando la shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 25 kwa mwezi, milioni 300 kwa mwaka, na mwaka unaofuata mkono unanyooshwa tena. Ruzuku ya mnara hutolewa mara moja. Bando ni mshahara usio na tarehe ya kustaafu.

Marekani, yenye hazina isiyolinganishwa na yetu, imelionja hilo. Kuanzia mwisho wa Desemba 2021 serikali ya huko ililipia familia za kipato cha chini hadi dola 30 kwa mwezi za intaneti. Bunge lilitenga dola bilioni 14.2. Familia zilizojiandikisha zilifika milioni 23, fungu likaisha, na tarehe 1 Juni 2024 mpango ukafungwa. Mfuko wao mwingine, unaofanana na UCSAF kwa kuwa unachangiwa na makampuni, ulishitakiwa kuwa ni kodi iliyojificha. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliukubali kwa kura 6 dhidi ya 3. Wanasheria wauite watakavyo. Kwa mchumi, mchango wa kampuni humfikia mteja kwenye bei, au humfikia mwenye hisa kwenye gawio.

Sasa tuseme lile ambalo kurasa kama hizi huliogopa. Baadhi yetu tunaosoma hapa tunakula kwa sababu mkulima hajui bei. Anayenunua mahindi shambani Muze na kuyauza Tunduma ana faida za aina mbili ndani ya gunia moja: ya usafiri, ambayo ni halali yake, na ya giza. Je, tuchangie kodi ili giza hilo liondoke?

Utafiti wa Jenny Aker nchini Niger, simu zilipoingia kati ya 2001 na 2006, ulionyesha tofauti ya bei za nafaka baina ya masoko ikipungua kwa asilimia 10 hadi 16. Kule Kerala, India, Robert Jensen aliwafuatilia wavuvi: faida yao ilipanda kwa asilimia 8, mlaji akapata nafuu ya asilimia 4, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha. Dalali wa giza hupoteza, mfanyabiashara wa mzigo mkubwa hupata. Lakini msomaji makini atagundua kuwa hizo zilikuwa simu za kawaida za kupiga. Kujua bei ya mahindi ya Tunduma hakuhitaji intaneti, kitochi kinatosha.

Hoja yenye nguvu zaidi iko serikalini kwenyewe. Tangu 2018 usajili wa kampuni na majina ya biashara BRELA umehamia mtandaoni. Zabuni za umma tangu 2023 zinapitia mfumo wa NeST. Fundi seremala wa Laela anayetaka kuuza madawati kwa halmashauri yake ni lazima apite humo. Ukilifungia dirisha lako mtandaoni halafu ukamwambia mwananchi ajilipie njia ya kulifikia, umemtoza mara mbili.

Kwa maoni ya safu hii, kodi ilipe minara, na ilipe intaneti ya wazi katika shule, zahanati, ofisi za kata na maghala ya vyama vya msingi, ambako mtu mmoja akiungwa wanafaidika ishirini. Bando la mtu mmoja mmoja lisilipwe na Hazina, lipunguziwe kodi. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za walipa kodi wa Marekani kupitia mkataba wa MCC wa 2008. Hakuna aliyedai watulipie na nauli ya basi.

Kwa wawekezaji wadogo: mwenye hisa za Vodacom, iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, asome kwenye taarifa ya mwaka fungu la tozo na michango ya kisheria kabla hajakadiria gawio. Na mwenye mtaji wa kufungua uwakala wa fedha au duka la simu, aulize kwanza ofisi ya halmashauri yake ni kata zipi zimo katika zile 713, na mnara umeshawashwa au bado ni nguzo tu.