SOMO LA AFYA: MZEE AKIANGUKA NA ASIWEZE KUSIMAMA



Msimu wa karafuu ukifika, kila mmoja wetu huwaangalia wachumaji wake wasianguke mtini. Ni desturi njema, maana mkarafuu ni mti mrefu na tawi lake ni jepesi kukatika. Lakini uko mwanguko mwingine usio na msimu, nao twaudharau kwa kuwa ni wa kimo kidogo. Ni mwanguko wa mzee ndani ya nyumba: ameamka alfajiri kutia udhu akajikwaa kizingitini, au ameteleza penye maji ya chooni. Kijana aweza kuanguka kutoka tawi la chini, akainuka akajipangusa vumbi. Mzee aweza kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, asiinuke tena. Katika somo hili twataka kueleza kinachovunjika, namna kinavyotibiwa, na kwa nini siku za mwanzo ndizo zenye kuamua.

Kinachovunjika

Mfupa wa paja ni mrefu kuliko mifupa yote ya mwili. Juu yake una kichwa cha mviringo kilichoingia katika tundu la nyonga. Baina ya kichwa na mfupa wenyewe pana sehemu nyembamba iliyokwenda mshazari, nayo huitwa shingo. Watu wakisema nyonga imevunjika, aghalabu kilichovunjika ni shingo hiyo, au mahali palipo chini yake kidogo.

Uzeeni mifupa hupungua nguvu. Kwa wanawake upungufu huu huenda mbio zaidi baada ya kukoma hedhi, ndiyo maana bibi zetu huvunjika nyonga zaidi kuliko babu zetu. Kwa nje mfupa ni ule ule, lakini ndani umekuwa na matundu matundu, mfano wa ubao ulioliwa na mchwa. Mzee akiangukia ubavu, hauhimili.

Dalili zake

Mzee hawezi kusimama wala kuinua mguu. Maumivu yako kinenani au pajani, na pengine huyasikia gotini. Akilazwa chali, mguu ulioumia huonekana mfupi kuliko mwenziwe, na wayo wake umelalia nje. Lakini tusidanganyike. Wako ambao mfupa umevunjika na vipande vikashikana, wakaweza kutembea kwa kuchechemea siku kadhaa, mpaka siku moja vikaachana. Kwa hiyo mzee yeyote aliyeanguka na akawa na maumivu ya nyonga, yafaa apigwe picha ya eksirei.

Kwa nini kukanda hakufai

Wako waganga wa viungo ambao mikono yao imewafaa wengi waliovunjika mkono au muundi, nasi hatuwavunjii heshima. Mkono waweza kufungwa mabanzi ukatulia. Nyonga imezama ndani ya nyama nene, na misuli ya paja huuvuta mfupa juu saa zote, wala banzi haliifikii. Kuikanda ni kuvisagisha vipande viwili vya mfupa, kumzidishia mzee maumivu na damu kuvuja ndani.

Tena lipo jambo la damu. Kichwa cha mfupa hupata damu yake kwa mishipa midogo inayopanda juu ya shingo. Kila mkulima ameona tawi la mkarafuu lililopasuka penye shina: majani hubaki mabichi siku mbili tatu, kisha hukauka, kwa kuwa maji hayafiki tena. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, kichwa huweza kufa vivyo hivyo. Daktari Astley Cooper wa London alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1822, kwamba mvunjiko ulio ndani ya mfuko wa kiungo ni nadra kushika, na ulio nje yake hushika. Tofauti hiyo huwaongoza madaktari mpaka leo.

Matibabu ya zamani na ya sasa

Zamani mgonjwa alilazwa kitandani, mguu ukavutwa kwa kamba na uzito, kwa muda wa wiki 10 au 12. Wengine mifupa yao ilishika, lakini wengi hawakufika huko. Mzee akilala sana hupata vidonda mgongoni na matakoni, homa ya mapafu, na damu kuganda katika mishipa ya mguu. Misuli hunyauka, na pengine akili huchanganyika. Yaani kinachowaua wazee hawa mara nyingi si mfupa, ni kitanda.

Mwaka 1925, huko Boston, Marekani, Dkt. Marius Smith-Petersen alianza kuunga shingo ya mfupa kwa msumari wa chuma wenye mapezi matatu. Mwaka 1940 Dkt. Austin Moore, naye wa Marekani, alimwekea mgonjwa sehemu ya juu ya mfupa wa paja iliyotengenezwa kwa madini. Mwaka 1962, Uingereza, Dkt. John Charnley alifanikiwa kubadilisha nyonga nzima, kichwa cha chuma na tundu la plastiki.

Kutokana na kazi hizo, leo daktari akiisha kuitazama picha, huchagua moja katika njia hizi:

1. Shingo imevunjika lakini vipande havikuachana: huungwa kwa skrubu.

2. Shingo imevunjika na vipande vimeachana: kwa mzee, kichwa hutolewa na mahali pake hutiwa kichwa cha chuma. Aliyekuwa bado na nguvu za kutembea huweza kubadilishiwa na tundu pia.

3. Mvunjiko uko chini ya shingo: hapo damu ingali yafika, basi mfupa huungwa kwa skrubu kubwa na bamba la chuma, au kwa chuma kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa.

"Huyu ni mzee mno, hatahimili kisu"

Maneno haya twayasikia sana, nayo husemwa kwa huruma. Lakini tupime pande zote mbili. Katika nchi zenye kuweka hesabu, kati ya wazee 10 waliovunjika nyonga, wawili au watatu hufariki kabla ya mwaka kwisha. Operesheni ina khatari zake, na daktari hana budi kuzieleza. Kulala miezi mitatu nako kuna khatari, tena aghalabu ni kubwa zaidi. Wengi hupasuliwa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, bila ya kulazwa usingizi. Na hata kwa mzee ambaye hatatembea tena, kuungwa mfupa humpunguzia maumivu, akaweza kugeuzwa na kuogeshwa bila ya kupiga kelele.

Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2011 wataka operesheni ifanywe siku ile ile ya kufika spitali au siku ya pili yake, na kesho yake mgonjwa ainuliwe kitandani. Kwetu vifaa na nafasi si sawa na huko, lakini shabaha ni ile ile. Wiki nzima ikipotea kwa kukanda na kungoja wanawe wafike ili washauriane, daktari humpokea mtu aliyekwisha dhoofu. Ikiwa spitali ya karibu haina vifaa, ulizeni mapema khabari ya barua ya kupelekwa Mnazi Mmoja, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Ikiwa daktari ameona operesheni haiwezekani, basi jamaa wawe na zamu: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumkalisha avute pumzi kwa nguvu, kumpa maji na chakula cha kutosha, na kumpa dawa za maumivu kama alivyoandikiwa.

Baada ya kurudi nyumbani

Mzee atembee kila siku, kwanza kwa fremu, kisha kwa mkongojo. Kumwambia "lala tu, bibi, tutakuhudumia" ni kumrudisha kwenye kitanda kile kile. Aliyetiwa kichwa cha chuma asichutame wala asipandanishe miguu mpaka daktari aruhusu, maana kichwa chaweza kuchomoka. Atengenezewe kiti cha kuwekwa juu ya choo, na kwa sala ana ruhusa ya kukaa kitini. Tena muulizeni daktari dawa za kutia mifupa nguvu, kwani aliyevunjika nyonga moja yu karibu kuvunjika na ya pili.

Mambo ya kushika

1. Mzee aliyeanguka na hawezi kusimama asikandwe, wala asilazimishwe kutembea. Achukuliwe juu ya kitanda cha kamba au ubao, mguu ukiwa umetulizwa kwa mito.

2. Chukueni dawa zake zote anazokunywa, khasa za presha, za sukari na za kuzuia damu kuganda, mkamwonyeshe daktari.

3. Chooni pawekwe mti imara wa kushika, na taa iwe karibu na kitanda usiku.

4. Wakati wa kuchambua karafuu, makonyo yafagiwe njiani na kingo za majamvi zisikunjamane. Kandambili zilizokwisha zitupwe.

5. Mzee apimwe macho, maana mtoto wa jicho huweza kuondolewa. Ale dagaa pamoja na mifupa yake, anywe maziwa akipata, aote jua, na atembee.

Wanachama, mwenye mtoto mchumaji huulizwa mapema: akianguka tutampeleka wapi, na kwa gari ya nani? Swali hilo hilo tuliulize leo juu ya mzee aliyemo ndani ya nyumba, naye mwenyewe akiwapo tupate kusikia alitakalo.