Dawa Dukani, Kadi Mfukoni: Nani Hulipa?

Tukizunguka Likoni, Kisauni na Changamwe, swali hili latufuata: "Nimejiandikisha bima, mbona dawa nanunua mwenyewe?" Hebu tujifunze pamoja.

1. Tulikotoka

Desemba 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada. Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Ugonjwa haukupungua, ila wagonjwa walibaki nyumbani. Ada ikasimamishwa Septemba 1990, ikarudi baadaye kwa sura nyingine. Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Juni 2013 ikafutwa huko.

2. Sheria ya 2023

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ndiyo iliyoleta SHA, nayo ikachukua nafasi ya NHIF tangu 1 Oktoba 2024. Familia isiyo na mshahara hukadiriwa pato lake, ikalipa asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Malipo ni ya mwaka mzima: 3,600 au zaidi. Fedha hizi ni za matibabu ya hospitali. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali. Huko watakiwa kujiandikisha tu.

3. Tundu liko wapi?

Kabati la dawa likiwa tupu, unaandikiwa karatasi uende dukani. Hapo ada imerudi kwa mlango wa nyuma. Mama asiye na pesa hununua nusu dozi, na nusu dozi haimponyi mtoto.

4. Tufanye nini?

- Kila familia iweke shilingi 10 kwa siku kwa mweka hazina. Kwa mwaka, mchango wa chini umepatikana.
- Wekeni daftari: tarehe, dawa iliyokosekana, bei ya dukani. Lipelekeni kwa kamati ya kituo. Maneno husahaulika, maandishi hubaki.
- Dukani ulizeni dawa kwa jina lake lenyewe, si la kampuni. Mara nyingi bei hupungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wangapi kikundini hawajajiandikisha? Kwa nini?
2. Mwezi uliopita tulinunua dawa gani ambazo zahanati ingetupa?
3. Nani atashika daftari?